Maji ya Kudekia

Kiranja wa bweni aliingia bafuni kunawa uso, akakuta wasichana wawili wameegemea mlango wa choo cha mwisho, wanacheka. Mbele yao alisimama binamu yake, yule ambaye shule nzima ilimwita Malkia, na ndoo ya maji ya kudekia mkononi.

"Afadhali umekuja," Malkia alisema. "Huyu mgeni anaringa. Tunamwogesha kidogo."

Kiranja aliinama akachungulia chini ya mlango. Aliona viatu viwili vimebanana, na soksi moja iliyoteremka ikitetemeka. Aliyekuwa ndani hakupiga kelele wala kulia. Ukimya ule ulimshtua. Mgeni yule alikuwa ameshazoea.

Ndiyo maana kila mara alipanda kitandani na nywele mbichi, akidai amenyeshewa. Mvua gani, na kiangazi hiki?

"Mmeanza lini?"

"Utani tu, dada. Usitukuzie mambo."

"Utani gani ambao yeye hacheki?"

Malkia alimsukumia ndoo kifuani. "Basi mwaga wewe, tujue uko upande gani."

Kiranja alimtazama binamu yake. Walilelewa chumba kimoja, na likizo wangerudi nyumba ileile, kwa bibi yuleyule.

Hakuipokea ndoo. Aliwasogeza kando wale wawili, akasimama mbele ya mlango.

"Mwaga," alisema. "Anza na mimi."

Malkia aliinua ndoo hadi begani.

Nyuma ya kiranja, komeo likafunguka taratibu.