Ukinzani wa Nyaya za Juu ya Paa

Kila kaya inayoishi chini ya nyaya kubwa za umeme hukokotoa ukinzani wa nyaya hizo, yaani jinsi zinavyozuia umeme, kila asubuhi, kabla ya chai. Nyemo alipima kimo cha nyaya, nafasi iliyo kati yake na unyevu wa udongo. Mwisho akaandika idadi ya watu, maana kila mwili ulio hai chini ya nyaya huibadilisha hesabu kidogo. Akaandika wawili: yeye na mumewe, Ndahani; mtoto wao Chilewa aliishi mjini.

Jibu halikulingana na mita ya ukutani.

"Umesahau tena unene wa waya," Ndahani alisema, akichovya kiazi kwenye chai. "Lete nikurekebishie."

"Leo sijausahau, baba Chilewa."

Akafuta wawili, akaandika mmoja. Jibu likalingana hadi tarakimu ya mwisho.

Nyemo akatoka uani, akainua mkono kuelekea nyaya. Hapo vinyweleo vya kila mtu aliye hai husimama. Vya kwake vililala tu.

Ndahani alimfuata mbio, vyake vimesimama vyote.

"Nipe karatasi, mke wangu," alisema taratibu. "Niandike mimi, kama siku zote."