Deni la Salamu

Jumamosi, tarehe 11 Oktoba 2025. Asubuhi hiyo Nandagala kulikuwa na mawingu mazito, lakini mvua haikushuka.

Jeneza la baba yake Swalehe lilifunikwa kitambaa cha kijani cha msikitini. Maishani mwake mzee yule wa Simba hakuruhusu kijani cha Yanga hata kwenye pazia.

Kabla ya swala, Swalehe aliuliza kama ilivyo desturi, "Kuna anayemdai marehemu?"

Mkono mmoja ulipanda, vidole vyeusi kwa mafuta ya maganda ya korosho. Ulikuwa wa mzee jirani, mtu wa Yanga.

"Namdai salamu," alisema. "Simba ilifungwa, nikamtania, akanuna. Miaka kumi na minane namsalimu kila asubuhi. Hakuniitikia hata mara moja."

Watu waligeuka kumtazama.

"Mzee, utani wa mpira mpaka kwenye jeneza?" mmoja alinong'ona.

"Sitanii. Kuitikia salamu ni wajibu. Nataka kumsamehe, ila moyo unagoma."

Swalehe aliirithi Simba kwa baba yake kama alivyorithi swala, na kununa kule pia alikurithi. Juzi tu mzee huyu alimsalimu, naye akapita kimya.

Mkono ulikuwa bado juu.

"Waalaikumu salaam, mzee wangu," Swalehe alisema. "Hiyo ni ya juzi, ya kwangu. Za baba nitakuja kuziitikia mlangoni kwako kila asubuhi, miaka kumi na minane. Nyote mshuhudie."