Jina la Sayari Ndogo

Profesa Shekue, mkuu wa kituo cha nyota, alivaa suti mpya, maana mji mzima uliamini kwamba sayari ndogo aliyoigundua Salha, mtafiti wa kituo hicho, ingeitwa Shekue. Kanuni humpa mgunduzi haki ya kuchagua jina lolote isipokuwa lake mwenyewe, kisha aeleze maana yake. Salha aliomba jambo moja tu, kwamba profesa ndiye azindue kibao cha jina na kukisoma mbele ya watu.

Profesa akavuta kitambaa, kibao cha shaba kikang'aa.

"Bisura binti Kombo," akasoma, na tabasamu likamkauka. Mwanamke huyo ndiye aliyewahi kufika mlangoni kwake na mtoto mgongoni, naye profesa akaapa hamjui, akamwita mlinzi awatoe.

"Endelea, profesa," Salha akasema. "Bado maana."

"Mama wa mgunduzi," akasoma kwa sauti ya chini, akaanza kurudisha kitambaa.

"Umebaki mstari mmoja."

Mke wa profesa, aliyeketi mbele kabisa, alishausoma. Akavua miwani, akaipangusa kwa ncha ya mtandio, akausoma tena kimoyomoyo: "Baba wa mgunduzi ndiye anayewasomea maneno haya."

Salha akamsogezea profesa kipaza sauti hadi mdomoni, akakishika hapo.