Sauti Mbili Katika Kisanduku Kimoja

Miaka hiyo mtu akifa sauti yake ilihifadhiwa na kampuni, na kila Ijumaa ilizungumza na watu wake. Hidaya wa benki kazi yake ilikuwa kuunganisha kampuni za mitambo. Kuziozesha kama mke na mume, alivyopenda kusema mwenyewe. Alipoziunganisha kampuni mbili kubwa zilizotunza sauti za marehemu, akapandishwa cheo, akaja Tanga na halua kwa mama yake, Bi Mwanaidi.

Baada ya swala ya Ijumaa, kisanduku cha ukutani kikaita kwa sauti ya marehemu baba. "Mke wangu, hujambo? Yule mbuzi wetu keshazaa?"

Bi Mwanaidi akashangaa. "Mbuzi gani, Bwana? Sisi tulifuga mbuzi lini?"

Sauti ikacheka kicheko kilekile cha baba. "Umesahau, Felista?"

Hidaya akaiweka halua chini. Ni yeye aliyeandika kwenye mkataba kwamba sauti zinazofanana ziwekwe pamoja, nafasi isipotee bure. Aliona ni jambo dogo.

"Mama, wamechanganywa. Baba yumo, na mume wa mtu yumo."

"Basi watenganishe. Si kazi yako?"

"Kazi yangu ni kuunganisha, Mama. Kutenganisha hakuna anayejua."

Sauti ikazidi kuita, mke wangu, mke wangu, kwa upole. Bi Mwanaidi akanyanyuka, akachukua ushungi, akajifunika mpaka unywele wa mwisho. Kisha akamshika mwanawe mkono.

"Usiondoke, mwanangu," akanong'ona. "Usiniache peke yangu naye."