Kifuniko cha Dirisha la Shangazi

Shangazi Adelina aliteremsha kifuniko cha dirisha kwa mara ya pili, na ndege ilikuwa haijasogea hata hatua moja pale Dar es Salaam. Kornel akasonya.

"Shangazi, kipandishe. Ndege ikiruka na ikitua lazima viwe wazi. Hiyo ni sheria."

"Bado haijaruka, baba. Wewe kula hiyo sambusa kwanza."

Kula! Mtu anaambiwa mama yake anaumwa sana kijijini Kwihara, Tabora, anaacha ofisi yake Mtwara, anabadilisha ndege mbio mbio, halafu anasimamiwa ale sambusa kama mtoto wa chekechea. Kornel aliitia mdomoni kwa hasira. Isingekuwa mama, asingekubali kukaa safari nzima na mshamba huyu.

Tena hakuelewa alifikaje Dar. Mwanamke wa jembe, hajui hata kufunga mkanda wa kiti, eti alikuja wiki mbili zilizopita kumsalimia Nestory. Na huyo Nestory, mdogo wake Kornel, ndiye kituko zaidi. Mama yuko kitandani, yeye simu kazima tangu jana, na uwanja wa ndege hakutokea. Anakula starehe zake, bila shaka. Kornel aliapa kumpasha mbele ya ukoo mzima.

Mhudumu akapita. "Mama, naomba ufungue dirisha, tunaruka. Likitokea jambo lazima tuone nje."

Shangazi akachungulia chini kwanza, kidogo tu, ndipo akakipandisha. Kornel akamwomba mhudumu radhi kwa Kiingereza, ili ijulikane kwamba yeye si wa kundi hilo.

Angani mambo yakageuka. Shangazi aliliacha dirisha wazi, akatazama mawingu kwa utulivu kama aliyekaa barazani kwake. Kornel akacheka kwa dharau.

"Yaani ardhini unaogopa, huku juu huogopi? Kweli kijijini kuna mambo."

Shangazi alimshika mkono, na Kornel akauchomoa.

"Niambie basi, mama ana hali gani? Nataka nimpeleke hospitali kubwa leo leo. Sitaki kusikia habari za mizizi."

"Utamwona mwenyewe, baba."

Walitua Tabora dirisha likiwa wazi. Lakini ndege iliposimama tu, shangazi akakivuta tena kifuniko, akakigandamiza kwa viganja viwili.

"Tukae. Watu wote washuke kwanza."

Hapo Kornel alichoka. Alikwisha kubishana na wajinga wengi maishani, lakini huyu alizidi. Akamwinamia, akaisukuma mikono yake kando, akakipandisha kifuniko mpaka mwisho.

Mtu wa kwanza aliyemwona nje alikuwa mama yake. Amesimama karibu na ndege, mzima, kwa miguu yake mwenyewe. Kornel alifurahi mpaka machozi yakamlenga, kisha hasira ikampanda. Kumbe wamemdanganya! Wamemkimbiza nchi nzima kwa uongo wa kijijini!

"Mama haumwi," alisema.

"Haumwi, baba," shangazi akajibu, akamshika tena mkono.

Mama hakuwa akiwatazama abiria wanaoshuka. Macho yake yalikuwa kwenye mlango wa mizigo, nyuma ya ndege, ambako wanaume sita wa Kwihara walikuwa wakipokea jeneza. Mbele yao binamu Xavery alishika msalaba wa mbao, na jina lililoandikwa juu yake lilikuwa la Nestory.