Punda Ajifunza Kusema Sibebi

Punda alikuwa na jibu moja tu kwa kila aliyemletea mzigo: “Haya.” Mgongo ulipomchubuka, alimwendea Mbuzi, mkaidi maarufu, amfundishe kukataa.

Kila siku Mbuzi alimuuliza, “Wewe mwenyewe unataka nini?” Punda alijibu, “Unachotaka wewe.” Somo lilipoisha, Mbuzi alimwambia, “Nibebee gunia langu mpaka nyumbani.”

“Haya, mwalimu.”

“Basi kesho urudi.”

Siku ya tisa Punda alilaza masikio. “Sibebi!”

“Hata la mwalimu wako?”

“Hata lako. Na kesho siji!”

Mbuzi aliruka kwa furaha, akalifungua gunia. “Mahindi ya sherehe yako haya! Nimechoka kuja nayo kila siku. Tule?”

“Haya!” alisema Punda, na mara hii alitaka kweli.