Walioacha Somo la Mgongo

Ripoti ilikuwa tamu mno, na utamu huo ndio uliomtia Hidaya shaka. Alikuwa amepewa kazi ya kupima utafiti kuhusu somo la mgongo, ambapo zahanati ya mji iliwafundisha wagonjwa namna ya kuinama na kubeba. Kila aliyemaliza somo, ripoti ilisema, alipata nafuu. Walioacha njiani hawakutajwa.

Basi akamfuata mmoja wao, dobi aitwaye Somoe, kwenye nyumba ya wageni alikofanya kazi. Alimkuta uani akisuuza mashuka.

"Shikamoo, Bi Somoe. Nasikia uliacha somo la mgongo."

"Marahaba. Nani kakwambia naumwa?" Somoe alijibu kwa sauti kubwa, kana kwamba Hidaya yuko ng'ambo ya barabara. "Mimi mzima, mwanangu. Nilipona, nikaacha. Tazama!"

Akainua beseni lililojaa mashuka mabichi, akaliegemeza kiunoni, akatabasamu. Hidaya hakuliamini tabasamu lile. Jasho lilikuwa limemtoka mwanamke yule juu ya mdomo.

"Tajiri wangu yuko dirishani?" Somoe akanong'ona, meno bado nje. "Akijua naumwa, kibarua kimeota nyasi."

Hidaya akainua macho. Pazia la ghorofani lilikuwa limesogezwa kidogo, na vidole vya mtu vimelishika.

"Yupo."

Akanyoosha mikono alipokee beseni. Somoe akalikwepesha, akabaki amesimama wima katikati ya ua, maji ya mashuka yakimchuruzikia miguuni.